Barua ya wazi kwa wenye mamlaka ya fidia: mtueni mgonjwa mzigo wa kuthibitisha

Kwa mawaziri wa kazi na wa afya, kwa wabunge, na kwa wakuu wa mifuko ya fidia ya wafanyakazi

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa ajili ya watu waliobeba mgongoni bomba la viuatilifu, yaani dawa za kuua wadudu na magugu, msimu baada ya msimu, waliopalilia na kuvuna mashamba ambayo dawa ilikuwa haijakauka majanini, na waliofua nguo za waume na watoto wao waliotoka kupiga dawa. Wengi wao leo ni wagonjwa. Wanachodai ni kwamba sheria iutambue ugonjwa wao kuwa umetokana na kazi, kama inavyomtambua aliyekatwa kidole na mashine, ili watibiwe na walipwe fidia bila kubembeleza.

Nami nimepiga dawa. Tangu niache kazi hiyo nimekuwa nikiwasindikiza wenzangu kwenye ofisi za fidia, na nimeona mahali wanapokwama. Hospitalini wanapimwa na kuambiwa wanaumwa nini. Kwenye fidia wanakwama kwa ushahidi.

Mgonjwa akifika mezani huulizwa dawa iliyomdhuru inaitwaje, aliishika lini, kwa kiasi gani, na ni daktari gani atakayeapa kwamba ugonjwa huu haukuletwa na kitu kingine. Mwenzangu mmoja, mkono ukimtetemeka juu ya meza, aliweza kueleza rangi ya kopo, harufu ya dawa, na jinsi ilivyokuwa ikimwasha machoni. Jina hakulijua. Dawa ilichanganywa stoo na msimamizi, ikaletwa shambani ndani ya pipa, na kazi yake yeye ilikuwa kujaza bomba na kwenda. Hakuna aliyetilia shaka kwamba alifanya kazi pale. Hakuna aliyesema anadanganya. Jalada lake lilifungwa kwa maelezo kwamba ushahidi hautoshi, na anatunzwa na binti yake.

Waheshimiwa, jina la dawa ile liliandikwa. Kulikuwa na daftari la stoo, na daftari hilo lilikuwa mikononi mwa mwajiri. Sheria inamdai mfanyakazi karatasi ambazo sheria hiyohiyo haikumpa haki ya kuzishika, na ambazo mwajiri aliruhusiwa kuzitupa mapema. Tazameni hata nchi zinazosifiwa kwa sheria kali. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni ya mwaka 2009 kuhusu viuatilifu inamtaka mtumiaji wa kitaalamu atunze kumbukumbu za dawa alizopiga kwa miaka isiyopungua 3. Nchini Marekani, mwajiri wa kiwandani anatakiwa kutunza kwa miaka 30 kumbukumbu za kemikali ambazo mfanyakazi wake alikutana nazo. Mwajiri wa shambani anatakiwa kutunza kumbukumbu za upigaji dawa kwa miaka 2. Kemikali inaweza kuwa ileile moja. Aliyeitengeneza ana miaka 30 ya maandishi ya kumtetea, aliyeipiga ana 2. Na ugonjwa wa Parkinson, ule wa ubongo unaomfanya mtu atetemeke na kukakamaa, au saratani, unaweza kuchukua miaka 10, 20, hata zaidi kabla ya kujitokeza. Siku mgonjwa anapopata jibu la daktari, daftari limekwisha kuwa majivu, na limechomwa kihalali.

Mwili nao hautunzi ushahidi kwa muda mrefu. Dawa za kundi la organofosfeti na karbameti humuua mdudu kwa kuzuia kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi, ambacho kazi yake ni kuzituliza neva kila zikishapeleka ujumbe. Binadamu ana kimeng'enya hichohicho. Kikizuiwa, neva hazipumziki: mboni za macho husinyaa, mate na jasho hutiririka, misuli hurukaruka, kifua hubana, na aliyezidiwa hufa kwa kushindwa kupumua. Kipimo cha damu kinaweza kuonyesha madhara hayo, ila damu ichukuliwe upesi, kwa kuwa kimeng'enya kilichomo kwenye majimaji ya damu hurudi katika hali yake ndani ya wiki chache, na kile cha kwenye chembe nyekundu ndani ya miezi michache. Tena ni lazima kuwe na kipimo cha mtu huyohuyo kilichochukuliwa kabla hajaanza kushika dawa, maana viwango vya watu wawili wazima wa afya vinaweza kutofautiana sana.

Jimbo la California limewataka waajiri wawapime wapiga dawa kwa namna hiyo tangu miaka ya 1970. Mfanyakazi ambaye kimeng'enya cha chembe zake nyekundu kimeshuka hadi asilimia 70 ya kiwango chake cha mwanzo huondolewa kwenye kazi ya dawa mpaka kimeng'enya hicho kifikie tena asilimia 80. Kwa hiyo kipimo kipo, kinajulikana, na kimetumika kwa karibu nusu karne. Mahali pengi duniani hakuna anayekichukua, kisha mgonjwa anaulizwa matokeo yake yako wapi.

Kila mwaka wakulima na wafanyakazi wa mashamba wengi duniani hudhuriwa na viuatilifu papo kwa papo bila kukusudia. Wengi katika hao hawafiki kwa daktari. Hutapika usiku, huumwa kichwa, huona ukungu machoni, na asubuhi hurudi shambani kwa sababu siku isiyofanyiwa kazi hailipwi. Hakuna jalada la hospitali wala cheti cha mapumziko. Miaka ikipita, mambo hayo yote huhesabiwa kuwa hayakutokea.

Tunachowaomba kimekwisha kufanywa kwa watu wengine. Sheria ichukulie kwamba ugonjwa uliomo kwenye orodha, ukimpata mtu aliyefanya kazi na viuatilifu kwa muda uliotajwa, umetokana na kazi hiyo, mpaka mwajiri au mfuko uthibitishe vinginevyo. Mgonjwa athibitishe mambo mawili aliyo na uwezo nayo: kwamba anaumwa, na kwamba alifanya kazi ile. Hivyo ndivyo wachimba migodi walivyotendewa haki baada ya kuhangaika miaka mingi. Mwaka 1934 Shirika la Kazi Duniani liliuingiza ugonjwa wa mapafu wa vumbi la mawe, silikosisi, katika orodha ya magonjwa ya kazini ya mkataba wake namba 42. Hakuna anayemtaka mchimba mgodi aonyeshe ni punje ipi ya vumbi iliyomharibia pafu.

Kuna mfano ulio karibu zaidi nasi, na huu ningependa muutafakari sana. Katika vita vya Vietnam jeshi la Marekani lilinyunyizia misitu na mashamba dawa ya kuua mimea iliyojulikana kama Agent Orange. Askari wake waliporudi wakaanza kuugua, walikumbana na maswali yaleyale: dawa ilikugusa wapi, lini, kiasi gani? Hawakuweza kujibu. Mwaka 1991 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoondoa maswali hayo. Askari aliyekanyaga ardhi ya Vietnam kati ya Januari 1962 na Mei 1975 anachukuliwa kuwa alikutana na dawa hiyo, na akipata ugonjwa uliomo kwenye orodha, unahesabiwa kuwa umetokana na utumishi wake. Ugonjwa wa Parkinson uliongezwa kwenye orodha hiyo mwaka 2010. Serikali ilikiri kwamba haiwezekani kumdai mtu ushahidi wa kitu kilichomwagwa hewani na wengine. Mfanyakazi wa shamba hakupita tu mahali palipopigwa dawa. Aliipiga kwa mikono yake, kila msimu, akiwa na bomba lililovuja mgongoni. Kama askari alistahili kuaminiwa, na alistahili kweli, mfanyakazi huyu anastahili vilevile.

Ufaransa imelifanya jambo hili kwa wafanyakazi wa kilimo wenyewe. Mwaka 2012 iliuweka ugonjwa wa Parkinson katika orodha ya magonjwa ya kazini ya sekta ya kilimo, kwa mtu aliyekutana na viuatilifu kwa miaka 10. Mwaka 2015 iliongeza limfoma, saratani ya mfumo wa limfu. Desemba 2021 iliongeza saratani ya tezi dume, na hapo ilikubali kwamba ugonjwa unaweza kujitokeza hata miaka 40 baada ya mtu kuacha kazi ile. Mwaka 2020 ilianzisha mfuko wa kuwafidia waathirika wa viuatilifu, na mfuko huo unawapokea pia watoto walioathirika tumboni kwa sababu ya kazi ya wazazi wao. Ujerumani nayo, mwaka 2024, kamati ya madaktari inayoishauri serikali kuhusu magonjwa ya kazini ilipendekeza ugonjwa wa Parkinson utambuliwe kwa watu waliopiga dawa wenyewe, na kigezo ilichoweka ni siku 100 za kupiga dawa. Siku 100! Nawafahamu watu waliozimaliza siku hizo katika msimu wao wa kwanza au wa pili.

Lakini hata Ufaransa ilichelewa, na waliochelewa kutambuliwa walilipa kwa maisha yao. Dawa ya kloridekoni ilitumika kuua fukusi wa migomba katika visiwa vyake vya Karibi, Martinique na Guadeloupe, kuanzia mwaka 1972 hadi 1993. Katikati ya muda huo, mwaka 1975, kiwanda kilichoitengeneza huko Virginia, Marekani, kilifungwa kwa sababu wafanyakazi wake walikuwa wakitetemeka mikono na macho yakiwacheza. Habari hiyo ilienea duniani. Migombani kazi iliendelea kwa miaka mingine 18. Wafanyakazi wa mashamba hayo walipoanza kuugua saratani ya tezi dume, iliwabidi wasubiri hadi mwisho wa mwaka 2021 ndipo sheria iwatambue. Wapo waliozikwa wakiwa bado wanaambiwa uhusiano haujathibitishwa.

Ndiyo maana neno hilo, haujathibitishwa, tunalisikia kwa uchungu. Tunajua sayansi ina mwendo wake na hatuidharau. Bila ya watafiti tusingekuwa na hata orodha moja ya kuwaonyesha. Ila kumbukeni nani hujua kwanza. Mwaka 1977, katika kiwanda kimoja huko Lathrop, California, wanaume waliokuwa wakitengeneza dawa ya minyoo ya udongoni iitwayo DBCP walianza kuzungumza wao kwa wao kwamba wake zao hawapati mimba. Walisisitiza wapimwe. Wengi walikutwa na mbegu chache mno, au hawana kabisa. Majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 1961 yalikuwa yameonyesha korodani zikisinyaa, na dawa iliendelea kuuzwa. Baada ya ugunduzi ule Marekani ilizuia sehemu kubwa ya matumizi yake mwaka 1979, huku mapipa yakiendelea kupelekwa kwenye mashamba ya ndizi ya Amerika ya Kati, ambako maelfu ya wafanyakazi walikuja kudai kwamba wamekuwa tasa kwa sababu hiyo. Mazungumzo ya wafanyakazi yalitangulia vipimo. Mkingoja mpaka kila shaka iishe ndipo mtunge sheria, mnaamua kwamba anayebeba shaka hiyo ni mgonjwa, na yeye ndiye mwenye nguvu kidogo kuliko wote walioko mezani.

Najua mtakayojibiwa na washauri wenu. Watasema ugonjwa wa Parkinson na saratani huwapata hata watu ambao hawajawahi kushika dawa. Ni kweli, na ndiyo sababu orodha huweka muda wa kazi na aina ya kazi, na ndiyo sababu mwajiri anaachiwa nafasi ya kuthibitisha vinginevyo. Watasema pia kwamba mfanyakazi hakuvaa glavu wala barakoa. Sheria za fidia, tangu ile ya Ujerumani ya mwaka 1884, zimejengwa juu ya msingi kwamba mfanyakazi aliyeumia kazini hulipwa bila kutafutwa mwenye kosa, naye kwa upande wake huacha haki ya kumshtaki mwajiri. Sioni kwa nini msingi huo ugeuzwe inapofika zamu ya mfanyakazi wa shamba. Zaidi ya hayo, aliyepiga dawa juani akiwa ndani ya ovaroli la plastiki anajua kwamba saa ya pili haivumiliki; mtu anachagua kati ya dawa na kuzimia kwa joto. Wataalamu wa usalama kazini wote hufundisha kwamba vifaa vya kujikinga ni hatua ya mwisho, baada ya kuondoa sumu yenyewe, kuibadilisha, au kumtenga mtu nayo. Anayeanza na glavu ameanzia mwisho.

Hoja ya fedha ni nzito na sitaipita juu juu. Mkiwatambua wagonjwa hawa, michango itapanda. Lakini gharama hii haizaliwi na sheria. Ipo tayari, na inalipwa: na mke aliyeacha kazi ili amlishe mumewe, na mtoto aliyetolewa shule, na hospitali za umma zinazotibu ugonjwa wa kazini kwa fedha za walipa kodi wote. Kinachobaki ni kuamua nani mwingine ashiriki. Mfuko wa Ufaransa huingiziwa sehemu ya fedha zake kutoka kwenye kodi ya mauzo ya viuatilifu vyenyewe, na hilo naliona ni la haki kabisa. Anayepata faida kwa kila kopo linalouzwa achangie matibabu ya waliolifungua.

Orodha peke yake haitatosha kama mtaacha milango mingine imefungwa. Muda wa kudai uanze kuhesabiwa siku mgonjwa alipoambiwa na daktari kwamba ugonjwa wake una uhusiano na kazi. Ukihesabiwa tangu siku alipoacha kazi, haki hufa kabla ugonjwa haujaonekana. Kumbukumbu za dawa zitunzwe kwa miaka isiyopungua 40, nakala moja iwe kwa mamlaka ya serikali, na mfanyakazi apewe yake kila mwisho wa msimu, ikiwa na jina la kiambato cha sumu kwa lugha anayoisoma. Pale ambapo mwajiri hana kumbukumbu, kukosekana kwake kumhesabikie yeye. Neno la wafanyakazi wenzake wawili walioshika bomba pamoja naye lipokewe kama ushahidi wa kazi, kwa sababu vibarua wengi hawakupewa mkataba wala hati ya mshahara, na wahamiaji wengi hawana karatasi za aina yoyote.

Vibarua hao ndio wengi. Mkataba namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2001, unataka wafanyakazi wa kilimo wawe na bima ya ajali na magonjwa ya kazini isiyopungua ile ya sekta nyingine, na unataka wafanyakazi wa muda na wa msimu walindwe sawa na wa kudumu. Wazo hilo ni la zamani mno: mkataba namba 12, uliohusu fidia ya ajali kwa wafanyakazi wa kilimo, ulipitishwa mwaka 1921. Magonjwa yanayosababishwa na viuatilifu yamo katika orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika hilo iliyorekebishwa mwaka 2010, na mwaka 2022 usalama na afya kazini viliwekwa miongoni mwa haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu, hata kama haijaridhia mikataba yenyewe. Ninyi, au waliowatangulia, mlikuwa kwenye vikao hivyo. Mliinua mikono.

Msiwasahau wanawake. Orodha nyingi humfikiria mwenye bomba, ambaye mara nyingi ni mwanamume. Mwanamke aliyeingia shambani asubuhi iliyofuata kupogoa, kuchuma au kupalilia, kabla muda ulioandikwa kwenye lebo haujapita, amepokea dawa ileile kupitia mikono na miguu yake. Aliyepanga mazao yaliyopigwa dawa kwenye maboksi naye ameipokea, na aliyefua ovaroli pia, wakati mwingine kwa beseni lilelile la nguo za mtoto mchanga. Sheria iseme waziwazi kwamba kazi hizo zinahesabika.

Na madaktari wafundishwe kuuliza. Swali moja, "Unafanya kazi gani, na umewahi kufanya ipi?", likiandikwa kwenye kila jalada la mgonjwa anayetoka mashambani, litaokoa kesi nyingi. Mkiweza kuongeza kipimo cha kolinesterasi kabla ya msimu na katikati yake, kwa gharama ya mwajiri, mtakuwa mmeokoa na watu wenyewe.

Tunaomba muswada uwasilishwe katika kikao kijacho cha bunge, ukiwa na orodha ya magonjwa, muda wa kazi unaohitajika, na kifungu kinachomhamishia mwajiri na mfuko mzigo wa kuthibitisha. Tunaomba orodha hiyo ipitiwe kila baada ya miaka michache na jopo ambalo ndani yake kuna wafanyakazi wa mashamba, wakichaguliwa na wenzao. Wakati muswada ukisubiriwa, wakuu wa mifuko ya fidia mna uwezo wa kufanya jambo moja bila kungoja bunge: yatoeni majalada yote ya wapiga dawa na wavunaji yaliyofungwa kwa kukosa jina la dawa au tarehe, muwaandikie waajiri wao kudai madaftari, na pale mwajiri asipoyaleta, muamue kwa kufuata maelezo ya mgonjwa. Kwa waliokwisha kufariki, wapeni nafasi hiyo wajane na watoto wao.

Tuko tayari kufika mbele ya kamati zenu siku yoyote mtakayotuita. Wasioweza kutembea tutawaleta.

Wenu,
Aliyekuwa mpiga dawa, kwa niaba ya wenzake